Jogoo mwembeni au jogoo bandani: kulinganisha malazi ya kuku wa kienyeji

Jua likizama, kuku wa kienyeji hutafuta pa juu. Kuku wa mwituni wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye ndiye asili ya kuku wetu, analala juu ya miti mpaka leo. Kwa hiyo jogoo anayepanda mwembe kila magharibi hana kasoro. Anayetakiwa kuamua ni mfugaji, na uamuzi wenyewe ni kuchagua hasara ipi ataivumilia. Mtini unapoteza kuku mmoja mmoja. Kwenye banda bovu unaweza kupoteza wote usiku mmoja. Tuseme wazi tangu hapa: banda lililojengwa vizuri linaushinda mti, lakini mti unalishinda banda lililojengwa ovyo, na mabanda mengi ya uani yako kwenye kundi hilo la pili.

| | Mti | Banda la chini | Banda juu ya nguzo |
|---|---|---|---|
| Maadui wakuu | bundi, kanu, chatu | kicheche, mbwa, panya, siafu | mwizi. Siafu, nguzo zisipokingwa |
| Hasara ya usiku mmoja | kuku 1, mara chache 2 | pengine wote | ndogo, mlango ukifungwa |
| Joto la pwani | si tatizo | tatizo kubwa | la wastani |
| Chanjo na tiba | kazi ngumu sana | rahisi | rahisi |
| Mbolea | inapotea | inachanganyika na maranda | inadondoka, unazoa kwa koleo |
| Gharama | bati la kuzungushia shina | ya kati | kubwa kwa upande wa mbao |

Kuna na malazi ya nne, yaani kuwalaza jikoni. Yanazuia mwizi na baridi, basi. Vumbi la kinyesi unalivuta wewe na watoto, viroboto wanahamia kwenye vitanda, na jogoo anawika kichwani pako. Tunayaacha hapo.

Maadui wa usiku

Jicho la kuku limeumbwa kwa mwanga wa mchana. Giza likiingia haoni vizuri, na ndiyo maana ukimshika usiku hapapatiki kama mchana. Juu ya mti udhaifu huo unamnufaisha bundi. Bundi wakubwa wa Afrika, wenye uwezo wa kubeba hata kanga, humchukua kuku aliyelala kwenye tawi la nje lililo wazi, hasa penye mbalamwezi. Jogoo aliyejificha kwenye majani mazito karibu na shina amemkwepa bundi, ila sasa yuko kwenye njia ya kanu, mnyama anayepanda mti bila shida na kuruka kutoka tawi hadi tawi.

Ukiamua kumwacha mtini, basi chagua mti. Unaofaa ni wenye majani mazito mwaka mzima, kama mwembe au mfenesi, uliosimama peke yake, matawi yakiwa mbali na paa, ukuta na miti mingine kwa mita 3 au zaidi. Tawi la kwanza liwe kama mita 2 kutoka ardhini. Zungushia shina bati bapa lenye upana wa sentimita 60, makali yake ya chini yakiwa mita 1 juu ya ardhi, ili kanu na paka wakose pa kukita kucha. Lifunge kwa waya, si kwa misumari, na ulilegeze kila mwaka kadiri shina linavyonenepa. Kuku mwepesi ataruka na kulipita bati hilo. Bati halimzuii bundi; dhidi yake kinga ni majani tu.

Kwenye banda la chini hesabu inabadilika. Kicheche au nguchiro akishaingia mahali palipofungwa haui mmoja akaondoka. Mapapatiko humchochea, kuku hawana pa kutokea, naye anaendelea kuua hadi pawe kimya. Asubuhi unakuta mizoga imelala, mingi haijaliwa hata kidogo. Njia yake ya kuingilia ni moja kati ya tatu: anachimba chini ya ukuta, anapenya mwanya kati ya ukuta na paa, au anapita kwenye mlango usiokaza pembeni. Tundu lolote linalopitisha vidole viwili lizibwe. Kwa wachimbaji, laza wavu chini kuzunguka banda lote, ukitokeza nje sentimita 45, ufunike kwa udongo na mawe. Mnyama huanza kuchimba penye ukuta, anagonga wavu, wala hafikirii kurudi nyuma nusu mita.

Kuhusu wavu wenyewe: ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku, unazuia kuku kutoka. Hauzuii mbwa kuingia. Mbwa anaurarua kwa meno, na kicheche mdogo anapenya matundu makubwa. Nunua wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, angalau kwa sehemu zote zilizo chini ya mita 1 na kwa madirisha.

Siafu ndio wanaosahaulika. Wakipita kwenye mti, kuku wanaruka chini na kuhangaika gizani, lakini wengi wanapona. Wakiingia kwenye banda lililofungwa kwa komeo, wanaua vifaranga, koo anayelalia, na hata jogoo mzima. Kwenye maeneo ya siafu, banda la juu ya nguzo ndilo pekee linalokingika kwa urahisi: kila nguzo izungukwe na kopo pana lenye oili chafu ya gari, na majani yote yanayogusa kuta yafyekwe. Siafu hawahitaji zaidi ya unyasi mmoja ulioegemea ukuta. Kwenye banda la chini tegemeo ni majivu makavu yaliyomwagwa kuzunguka kuta, na mvua ya kwanza inayaondoa.

Mwizi wa watu naye ana hesabu zake. Mtini lazima apande, na kuku mmoja akipiga kelele wote wanaamka. Bandani anakuja na gunia. Kufuli bila mlango imara ni pambo, kwa sababu wengi hawavunji kufuli. Wanang'oa bawaba zilizofungwa kwa misumari ya inchi moja. Tumia skrubu au bolti, na banda liwe mahali ambapo mbwa wako, au dirisha la chumba chako, viko karibu.

Joto, mvua na hewa

Kuku hatoi jasho. Anapunguza joto kwa kuhema mdomo wazi na kutanua mabawa. Kuanzia Mtwara hadi Lamu, banda dogo la bati lenye kuta za mbao zilizoziba linabaki na joto la mchana hadi usiku wa manane. Jogoo anayelikimbia banda la namna hiyo ana haki. Kabla ya kulaumu tabia yake, ingiza kichwa chako ndani saa 2 usiku ukae dakika tano. Ukisikia harufu kali inayochoma pua na macho, hiyo ni amonia ya kinyesi kilicholowa, na kuku wanaivuta usiku kucha.

Mti hauna tatizo hilo. Upepo unapita na kinyesi kinaanguka mbali na pua. Mvua inawasumbua kidogo kuliko tunavyodhani, kwa kuwa jogoo mzima mwenye manyoya kamili hupaka manyoya yake mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia, na manyunyu ya kawaida yanamteleza. Mvua ya masika inayonyesha usiku kucha pamoja na upepo ni jambo jingine. Kwenye baridi ya Njombe, Limuru au Kabale, kuku aliyelowa hadi ngozini anatumia chakula chake kujipasha joto badala ya kunenepa, na mafua yanafuata. Vifaranga hatuwataji kabisa. Mtini hawana nafasi, na mama yao anapaswa kulala nao chini ya tenga au kwenye chumba chao.

Kwa hiyo, pwani, acha nusu ya juu ya kuta mbili zinazotazamana iwe wavu mtupu, na urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ndani asubuhi na alasiri. Nyanda za juu, theluthi moja inatosha, na uzibe upande unakotokea upepo. Paa la makuti lina ubaridi mzuri, ila panya na nyoka wanalipenda. Bati lililotandikiwa makuti au nyasi kwa juu ni suluhisho la kati.

Magonjwa: hapa mti unashindwa

Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, unaweza kumaliza kundi zima ndani ya siku chache, na hauna tiba. Kinga yake ni chanjo. Ile ya I-2, ambayo Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, inatolewa tone moja kwenye jicho moja la kila kuku, na kurudiwa kila baada ya miezi 3. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, hivyo inafika hadi kijijini. Tatizo ni kumshika kuku. Bandani unawachukua mmoja mmoja gizani, wametulia, kuku 20 ndani ya nusu saa. Mwembeni utapata wale wa matawi ya chini tu, na jogoo wa kileleni, anayezunguka na kukutana na kuku wa majirani kuliko wote, anabaki bila chanjo. Hoja hii peke yake inatosha kumshawishi mwenye kuku zaidi ya watano ajenge.

Kwa upande wa wadudu, mti unapata pointi zake. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao, kisha usiku hutoka kunyonya damu. Bandani huzaliana haraka, na kuku wakianza kugoma kuingia jioni ilhali zamani waliingia, mshuku huyo kwanza. Mpime hivi: saa 3 usiku pitisha kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia. Madoa mekundu ni utitiri uliojaa damu. Toa fito zote, zianike juani, mwagia maji ya moto kwenye nyufa, kisha nyunyiza dawa ya unga kutoka duka la pembejeo za mifugo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ukirudia baada ya wiki moja kwa ajili ya mayai yaliyoanguliwa. Kupaka oili chafu kwenye maungio ya mbao kunasaidia pia, mradi ikauke kabla kuku hawajalala hapo.

Ila mti nao usipewe cheti cha usafi. Papasi wa kuku hukaa chini ya magamba ya mti yaliyochanika, na mti unaolaliwa miaka mingi unaweza kuwa na kundi kubwa lao. Kisha angalia kilicho chini: kama matawi yanaelea juu ya paa unalovunia maji ya mvua, kinyesi kinaingia kwenye tangi la maji ya kunywa. Hapo hakuna mjadala, jogoo ashuke au matawi yakatwe.

Kuwika na majirani

Wengi hujenga banda wakitumaini jogoo atanyamaza. Hatanyamaza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo anaongozwa na saa iliyo ndani ya mwili wake: hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, aliendelea kuwika kwa mzunguko wa karibu saa 24. Mwaka 2015 wakaongeza kwamba kwenye kundi, jogoo mkubwa kwa cheo ndiye anayeanza, wengine wanafuata kwa zamu.

Banda linapunguza mambo mawili tu. Kwanza, sauti haisafiri mbali kama inapotoka kwenye kilele cha mita 6. Pili, ukuta unazuia taa za magari na za barabarani, ambazo humwamsha jogoo saa 8 za usiku wakati saa yake ya ndani bado haijafika. Uwikaji wa alfajiri utabaki. Mjini, kwenye viwanja vya mita 20 kwa 20, tofauti hiyo ndogo ndiyo inayookoa ujirani.

Kwa nini amelikimbia banda ulilomjengea

Mara nyingi sababu ni jogoo mwenzake. Pora anapofika miezi minne au mitano anaanza kusukumwa na jogoo mwenye banda, na mlango ndipo anapopigiwa. Anachelewa kuingia, giza linamkuta nje, anapanda mti. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 anatosha. Wa ziada wauzwe au waliwe. Ukitaka kubaki na wawili, weka fito mbili zenye urefu sawa kutoka ardhini kwenye ncha mbili za banda, na milango miwili ikiwezekana.

Sababu nyingine ni fito zenyewe. Jogoo anataka kuwa juu kuliko wote. Ukiweka viota vya kutagia kwenye sentimita 80 na fito kwenye sentimita 50, watalala viotani na kuchafua mayai, naye jogoo atatazama mwembe. Fito ziwe sehemu ya juu kuliko zote ndani: sentimita 70 hadi 90 kwa kuku wepesi, sentimita 40 hadi 50 kwa wazito kama kuchi, Sasso na Kuroiler. Viota vikae sentimita 30 hivi. Tumia mbao ya inchi 2 kwa 2 iliyopigwa randa kwenye kona ili unyayo ulale vizuri. Fimbo nyembamba inawachosha, na bomba la chuma linateleza. Kila kuku apate sentimita 20, jogoo 30. Acha sentimita 30 kati ya ufito na ufito, 25 kutoka ukutani, na angalau 60 kati ya kichwa cha jogoo na bati.

Kuhusu hao wazito, mti usiwe chaguo kabisa. Jogoo wa kilo 3 au zaidi akiruka asubuhi kutoka mita 3 anatua kwa kishindo. Unyayo unapasuka, uchafu unaingia, na baada ya wiki mbili una uvimbe mgumu wenye kidonda cheusi katikati, unaochukua muda mrefu kupona. Ching'wekwe na wadogo wenzake wanatua bila madhara.

Banda la juu kwa kuku 10

Sakafu ya mita 1.8 kwa 1.2 inatosha kuku 10 wanaoshinda nje. Nguzo 4, za nyuma ziwe za mita 3: zote zichimbie sentimita 60, acha sentimita 80 chini ya sakafu, na za mbele ziwe ndefu kuliko za nyuma kwa sentimita 30 ili paa liteleze maji. Sakafu ni mabanzi au fito zilizonyooka, ukiacha mianya ya sentimita 2: kinyesi kinadondoka, mguu hauzami. Mwanya wa sentimita 4 unavunja miguu. Bati 3 za mita 2 zinafunika paa na kutokeza pembeni. Mbolea ya usiku mmoja inafika karibu nusu kilo. Itandikie maranda chini ili isilete nzi, uizoe kila wiki. Ngazi ya kupandia iwe ya kuondolewa usiku.

Banda la chini linashinda hili mahali pamoja: ukiwa na koo wengi wenye vifaranga, au kuku wazito, ardhi ni salama zaidi kwao kuliko ngazi.

Kumshusha

Kukata manyoya ya bawa ni njia inayopendwa, nasi hatuipendekezi kama ya kwanza. Inafanya kazi ukikata manyoya marefu 10 ya bawa moja tu, ili apoteze mizani akiruka, na usiguse manyoya machanga ambayo shina lake bado lina damu. Lakini jogoo hupanda mwembe kwa kurukaruka tawi hadi tawi, na mti wenye matawi ya chini ataupanda hivyohivyo. Halafu mchana mbwa akimkimbiza, hana pa kwenda.

Njia ya uhakika ni ya taratibu. Acha giza liingie kabisa, dakika 40 baada ya jua kuzama. Panda kwa ngazi, mshike kwa mikono miwili ukibana mabawa yote, umpeleke bandani na umweke juu ya ufito, si sakafuni. Mfungie humo siku 4 hadi 7 na maji, chakula na kivuli, pamoja na mitetea wawili ili asikate tamaa. Ukimfungulia, anza kutoa chakula ndani ya banda saa 11 na nusu jioni, kila siku, wala usitupe punje nje baada ya saa 10. Weka taa ndogo bandani hadi wote waingie, kwa maana kuku haingii penye giza kuliko nje, kisha izime. Usiku atakaopanda mti, mshushe tena usiku huohuo. Ukiruka siku mbili, unaanza upya.

Wengi wanaelewa ndani ya wiki mbili. Wakati huohuo punguza matawi ya chini ya mti, na uondoe kile anachokitumia kama ngazi: mkokoteni, uzio, rundo la kuni. Jogoo anayeendelea kupanda baada ya wiki tatu, banda likiwa na hewa, bila utitiri na bila mpinzani, mpeleke sokoni mapema, kwa sababu matemba wanaokaribia kutaga humfuata anakolala, na wakishazoea mwembe mayai utayatafuta vichakani.